Nimerudi kwa Mama Mkubwa

Wapo watu wakifika mji wa ugenini swali lao la kwanza ni makumbusho yako wapi. Wengine huuliza maduka. Mimi huuliza wenyeji wanakula wapi, na nikishaonyeshwa basi, makumbusho tutaonana siku nyingine. Nikiulizwa nilisoma nini Atlanta miaka ile minne (2016 hadi 2020) huwa najibu uandishi wa habari, maana ndivyo cheti kinavyosema. Lakini nilisoma na mboga za majani pia. Mwalimu wangu wa somo hilo hakuwa na digrii, alikuwa na sufuria.

Oktoba 2024 nilipata nafasi ya kurudi kule kwa siku tisa. Binamu yangu anayeishi Marietta, kaskazini ya Atlanta, alikuwa anaoa, na ukoo ukaona ni vema atoke mtu mmoja huku nyumbani akashuhudie. Kura ikaniangukia mimi kwa sababu mbili: nina viza na sina mke. Harusi ilifana, picha mmeshaziona, sitarudia. Leo nataka niwapeleke mkahawani.

Kwanza tuelewane kuhusu chakula chenyewe. Wamarekani Weusi wanakiita soul food, chakula cha roho ukipenda. Jina lilishika miaka ya 1960, zama zile vijana Weusi walipotaka kila kilicho chao kiitwe kwa heshima, lakini chakula ni cha zamani kuliko jina. Ni mapishi ya majimbo ya kusini, Georgia, Alabama, Mississippi na jirani zake. Waliyapika watumwa, wakayarithi wajukuu wao, kisha yakapanda treni kwenda Chicago, Detroit na New York pamoja na watu karibu milioni 6 waliohama kusini kati ya 1910 na 1970. Ukikaa mezani utaletewa kuku wa kukaanga, kambare aliyeviringishwa kwenye unga wa mahindi, kunde, bamia, viazi vitamu vya sukari na mdalasini, makaroni ya jibini, mkate wa mahindi, na mboga ya majani mapana ambayo jirani zetu wa Nairobi wakiiona tu watasema: hii si sukuma wiki?

Ndiyo, ni sukuma wiki. Mmea ni ule ule, tofauti ni moto. Sukuma ya kwetu ni dakika tano, kitunguu, nyanya, tayari. Ile ya Georgia inakaa jikoni saa mbili na zaidi pamoja na nyama ya moshi, mpaka jani linalegea kabisa na mchuzi unageuka rangi ya chai ya majani mabichi. Mchuzi ule haumwagwi. Unachovya mkate wa mahindi, unakula, halafu unatazama kama kuna mtu anakuona ili uinue bakuli unywe. Inasimuliwa kwamba enzi za utumwa bwana alipelekewa majani mezani, mchuzi ukabaki jikoni kwa waliopika, naye bwana asijue kwamba faida nyingi ya mboga imebaki kwenye sufuria.

(Na kwa wale wapenzi wa lugha: kuna mchuzi mzito wa kule Louisiana unaitwa gumbo. Wataalamu wanalirudisha jina hilo kwenye lugha za Kibantu za upande wa Angola, ambako bamia huitwa kingombo. Ki-ngombo! Ngeli yetu ilivuka Atlantiki ndani ya tumbo la meli.)

Sasa, mimi ni mtoto wa Tanga, nimelelewa kwa samaki wa nazi, na sili nguruwe. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mboga ile kwa desturi hupikwa na kifundo cha mguu wa nguruwe. Agosti 2016, wiki zangu za kwanza, nilikuwa nakula kwa macho tu. Naona, nasikia harufu, naagiza viazi. Mpaka kijana mmoja tuliyekuwa tukisoma naye akaniambia, wewe nenda West End.

West End ni mtaa ulio kusini magharibi ya katikati ya jiji. Ukipanda treni stesheni ya Five Points ni kituo cha pili. Pale pana jamii ya Waislamu Weusi waliojenga maisha yao tangu miaka ya 1970, wana msikiti, wana maduka, na kwa hiyo ipo migahawa ambayo nguruwe haingii mlangoni. Badala yake wanatia bawa la bata mzinga lililokaushwa kwa moshi. Mkahawa nilioelekezwa ulikuwa na meza tisa, feni moja iliyofanya kazi na moja ya mapambo. Sitautaja jina. Najua kwa mwandishi wa gazeti ni aibu kuandika habari isiyo na jina, lakini mwenyewe aliniomba, na sababu yake mtaiona mbele.

Mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mnene, anayeita oda kutoka jikoni kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza. Siku ya kwanza nilimtazama mpaka akaniuliza ana nini usoni. Nikamwambia amefanana na dada mkubwa wa mama yangu, na kwamba kwetu mtu wa namna hiyo tunamwita Mama Mkubwa. Akataka kujua kama kuna mama mdogo. Nikamwambia wapo. "Basi mimi huyo mkubwa," akasema, na jina likakaa.

Nilimfundisha na shikamoo. Haikumpa taabu hata kidogo, maana watu wa kusini ya Marekani wana adabu zao: mtoto hamjibu mtu mzima "ndiyo" tupu, lazima aisindikize na neno la heshima. Kilichomfurahisha ni kwamba sisi tunayo salamu ambayo mdogo analazimika kuanza. Toka siku hiyo sahani yangu haikutoka jikoni kabla sijaitoa. Wateja walizoea. Shikamoo! Marahaba! Ndipo kuku aje, na mara nyingi akaja na kipande cha pili ambacho sikukiagiza, hasa mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi wa mwanafunzi wa kigeni mnaujua waliosoma nje.

Halafu ikaja 2020. Mwezi wa nne migahawa yote ilikuwa imefunga kumbi, mimi nikahitimu mbele ya kompyuta chumbani, na Julai nikapata ndege ya kurudi. Nilipita pale mara mbili kabla ya kuondoka. Kufuli. Simu ya mkahawa ikaita tu. Nikarudi Tanga, kisha Dar, nikapata kazi gazetini, na kwa miaka minne sikujua kama yule mama yu hai.

Ndiyo maana siku ya tatu baada ya harusi nilimwambia binamu nakwenda West End. Akacheka. "Utakuta ghorofa la vioo."

Hofu yake haikuwa ya bure. Kuna njia ya waenda kwa miguu na baiskeli inayoitwa BeltLine, imejengwa juu ya reli za zamani zinazolizunguka jiji, na kipande cha upande wa West End kilifunguliwa mwaka 2017. Ni njia nzuri sana, nisiseme uongo. Lakini popote ilipopita, nyumba zilipanda bei, na waliokuwa wakipanga wakaanza kufungasha. Nilipotoka stesheni nilihesabu: kinyozi niliyemjua hayupo, duka la vitabu lipo, pale palipokuwa na fundi viatu panauzwa kahawa. Watu wanakimbia na mbwa wao, hawakimbizani na mtu.

Mkahawa upo. Ukuta umepigwa rangi mpya, feni zote mbili zinazunguka (hili lilinishtua kuliko rangi), na sahani ya nyama moja na vitoweo vitatu niliyoiacha dola 9 sasa ni dola 19.

Nikasimama mlangoni kama mgeni. Nyuma ya kaunta yuko dada wa miaka thelathini na kitu ambaye zamani nilimwona Jumapili tu, akija kumsaidia mama yake. Hakunitambua. Nikauliza, mama yupo? Akanielekeza kwa kidevu kwenye meza ya kona.

Alikuwa amepungua nusu. Fimbo imeegemezwa kwenye kiti, mkono wa kushoto umelala mapajani kama wa mtu mwingine. Mbele yake chai ya baridi ambayo, nilikuja kujua, haina sukari. Akanitazama muda mrefu, mimi nimesimama tu, sijui pa kuweka mikono. Kisha akasema polepole, akitafuta kila neno mahali lilipo: "Mbona... hunisalimii?"

Nikasema shikamoo. Marahaba yake ilitoka nzima, haikukwama popote.

Kiharusi kilimpata Machi 2022. Alianguka mbele ya jiko. Sehemu ile ya Marekani, majimbo ya kusini mashariki Georgia ikiwemo, madaktari wanaiita ukanda wa kiharusi, na wameujua tangu miaka ya 1960. Upo utafiti mkubwa unaoitwa REGARDS, ulioandikisha watu zaidi ya 30,000 wa miaka 45 na kuendelea kati ya 2003 na 2007, nusu wakitoka ukanda huo. Mwaka 2015 watafiti wake walitoa matokeo: waliokula kwa wingi vya kukaanga, nyama za viwandani na vinywaji vya sukari, mtindo walioupa jina la kusini, walikuwa na hatari ya mshtuko wa moyo kwa asilimia 56 zaidi ya waliovila kwa uchache. Namba kama hizi mimi huziandika kila wiki na kuzisahau. Hii sikuisahau, nimekaa nayo meza moja.

Haki ya chakula chenyewe lakini isemwe. Bibi zake Mama Mkubwa hawakula kuku wa kukaanga kila siku. Wangempata wapi? Kila siku ilikuwa majani, kunde, viazi vitamu na unga wa mahindi. Kuku na keki vilikuwa vya Jumapili, baada ya kanisa, kama vile pilau kwetu ilivyokuwa ya sikukuu. Fedha ilipopatikana kidogo Jumapili ikawa kila siku. Tusiwacheke. Dar leo chipsi mayai ni saa ngapi haziuzwi? Baba yangu anameza vidonge vya presha asubuhi, na nyumbani mama anabandika vyungu viwili, cha kwake na cha watu.

Basi nikaagiza. Yule dada akaleta kambare, kunde, viazi na bakuli la mboga. Kabla sijagusa, Mama Mkubwa akaweka fimbo juu ya meza kama mtu anayefunga barabara.

"Onja mboga kwanza," akasema. "Halafu uniambie kama ni ile."

Yule dada hakuondoka. Alifuta mikono kwa aproni, akasimama. Hapo ndipo nilipohisi kwamba meza ile ilikuwa na kesi, na mimi nimeletwa shahidi bila kuitwa.

Nikaonja. Nimewahi kumhoji waziri aliyekuwa amekasirika, lakini swali lile lilikuwa zito zaidi.

"Ni nzuri, Mama."

"Sikukuuliza kama ni nzuri."

Nikaonja tena. "Siyo ile."

Mama Mkubwa akamgeukia binti yake, hakusema kitu. Binti ndiye aliyesema. "Haya, mwulize na kwa nini siyo ile." Akanieleza mimi, lakini maneno yalikuwa ya mama. Tangu ile Machi amepunguza chumvi nusu. Ngozi ya bata mzinga anaivua. "Mimi ndiye niliyemwokota pale chini, kijiko bado kiko mkononi. Sasa nirudishe chumvi?"

Mama akajibu kwa taabu kwamba wateja wa miaka thelathini wameanza kupungua, na waliobaki ni hawa wakimbiaji na mbwa wao, ambao hata ukiwapa majani ya kuchemsha watasema asante. Kwa macho yake, binti anawapikia wageni waliokuja kununua mtaa. Kwa macho ya binti, anawapikia wenyeji ili wasife. Nilipowasikiliza nikaona kila mmoja anamtetea mtu yule yule.

Sikukaa katikati. Gazetini tunafundishwa kukaa katikati, lakini pale nisingeweza. Nilimwambia, kwa adabu zote, kwamba mimi niko upande wa dada. Chumvi siyo urithi. Nikamwambia habari za baba na vile vyungu viwili vya nyumbani. Akanisikiliza. "Gazeti limekuharibu," akasema, ila alikuwa anacheka kwa upande ule wa uso unaocheka.

Nikaongeza na lile nililokuwa nalo ulimini, kwamba kilichokosekana si chumvi peke yake. Kulikuwa na kitu zamani, kikali kidogo, kinakuja mwisho baada ya kumeza. Hicho hakipo.

Kimya. Akamtazama binti, akatazama dirishani, akarudi kwa binti.

"Siki," akasema. "Siki ya tufaha. Kijiko kimoja... ukishazima moto."

"Miaka miwili na nusu!" Yule dada alipaza sauti hadi meza ya jirani ikageuka. "Miaka miwili na nusu nakuuliza mboga ina nini!"

"Hukuuliza. Ulisema... mboga yangu imeniua."

Dada akaondoka kwenda jikoni bila kujibu. Tulidhani amekasirika. Akarudi na bakuli jingine, akaliweka, akasimama vile vile na mikono kwenye aproni. Nikaonja. Chumvi bado kidogo, lakini kile kikali kimerudi, na ukweli ni kwamba siki ilikuwa imeziba nafasi ya chumvi vizuri tu. Mama Mkubwa akachukua kijiko changu, akachovya ncha, akaweka ulimini, akafumba macho. Hakutoa hukumu. Alirudisha kijiko na kuniambia nile samaki amepoa.

Wakati nakula ndipo aliponiambia habari ya jengo. Ni lao. Marehemu mumewe alilinunua mwaka 1988, wakati hakuna aliyelitaka. Sasa barua za wanunuzi zinakuja kila wiki, na kodi ya jengo inapanda kila mwaka kwa sababu ya bei za jirani. Binti anaona wauze, wafungue kusini zaidi ambako wateja wao wamehamia. Mama anasema atatoka pale amebebwa. Kaka wawili walioko mbali wana maoni yao, na watu wenye maoni wakiwa mbali mnawajua. Ndiyo maana hataki jina liandikwe kabla ukoo haujakubaliana.

Mkahawa wa namna hii ukiondoka haliondoki jiko tu. Mji huu wenyewe unajua. Ndugu wawili, James na Robert Paschal, walifungua mkahawa wao mwaka 1947 katika barabara iliyoitwa Hunter, ambayo sasa inaitwa Martin Luther King Jr. Drive, na Lucy Jackson akafungua Busy Bee mwaka huo huo barabara hiyo hiyo. King na wenzake walikula kote kuwili na kupanga mambo yao mezani. Kwa Paschal wazazi walikuwa wakiwasubiri vijana wao waliotolewa rumande baada ya maandamano, na chakula kiko tayari. Huko Montgomery, Alabama, mpishi Georgia Gilmore alikusanya akina mama wakauza kuku na keki kwa siri kuchangia mgomo wa mabasi wa 1955 na 1956, siku 381. Walipoulizwa fedha zimetoka wapi jibu lilikuwa hazikutoka popote, na kikundi chao wakakipa jina la maana hiyo hiyo. Alifukuzwa kazi, akapika nyumbani kwake, na watu wakaenda kula huko huko.

Busy Bee ilipewa tuzo ya James Beard ya migahawa ya kihistoria mwaka 2022. Hawa wangu hawana tuzo, wana barua za wanunuzi.

Nilitaka kulipa dola 19, dada akakataa. Nikaacha 40 chini ya sahani, akanifuata mlangoni na boksi la mboga na mkate wa mahindi, na zile 40 ziko juu ya boksi. Nikamwambia dada, chukua basi ununue siki. Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza. Mama Mkubwa aliniinulia fimbo kutoka kwenye kona yake.

Treni ya Atlanta haifiki Marietta, kwa hiyo binamu alinifuata stesheni ya Arts Center. Gari zima likanuka moshi wa bata mzinga. Nyumbani mkewe, bibi harusi wa siku tatu, Mkenya wa Nyeri, alifunua boksi, akanusa, akaenda kusonga ugali bila kuuliza mtu. Tulikula kwa mkono, mchuzi haukubaki.

"Tamu," akasema akinawa. "Lakini sukuma wamezipika mpaka zimesahau jina."